Reli Ipite Wapi? Maneno ya Barazani Bofa

Kijana mmoja wa hapa kwetu Bofa alipanda gari la moshi Nairobi saa mbili za asubuhi. Saa nane za mchana akashuka Miritini, hajachoka, shati lake halina hata kikunjo. Kutoka Miritini akapanda matatu hadi mjini Mombasa, mjini akangoja nyingine ijae, akavuka Nyali, akakwama Kongowea, akakwama tena Mtwapa, na hapa Kilifi akaingia muadhini keshaanza kuadhini magharibi. Tulipokwisha kusali akaja barazani na mkoba wake mkononi, akatoa salamu, akasema: "Wazee wangu, kilomita 472 nimezila kwa saa sita. Hizi zisizofika 100 zimenila mimi kwa saa nne na nusu. Mwasemaje?"

Baraza la Bofa halijapata kukosa la kusema. Mzee mmoja mvuvi, ambaye kwa kawaida husikiliza zaidi ya kunena, ndiye aliyeanza: "Basi nayo reli ije huku." Wote tukaitika. Na hapo ndipo mapatano yetu yalipokwisha, maana mtu wa pili aliuliza swali dogo tu: "Ije, lakini ipite wapi?"

Niseme mapema, msomaji asije akakimbilia kununua kiwanja: hapana mpimaji aliyekuja Bofa na mnyororo wake, wala bango lililosimamishwa, wala ofisa aliyetuita mkutanoni. Ni maneno ya barazani. Lakini maneno ya barazani hayatoki hewani. Tangu barabara yetu ya Mombasa, Mtwapa na Kilifi ianze kupanuliwa, watu wameona alama nyekundu zikipakwa kwenye kuta, wameona vibanda vikiondoka na miembe ya kale ikilala chini, na kila mwenye shamba kando ya njia amejifunza neno moja ambalo babu zake hawakuwa na haja nalo. Neno hilo ni fidia.

Basi kila mmoja akaichora reli yake mchangani kwa kijiti. Mvuvi akataka ifuate pwani, itoke Mtwapa ipite Kikambala na Vipingo, apate kuwapeleka nguru wake Mombasa kabla barafu haijayeyuka. Akaambiwa kwamba pwani ina mahoteli na majumba ya wakubwa, na mkubwa havunjiwi ukuta. Mzee wetu wa Kigiriama, jirani yangu wa miaka mingi, akaivuta reli juu bara, nyuma ya Takaungu, ivuke hori la Kilifi kule juu linakobana. Akaambiwa kwamba huko itafika mbali na watu, iwe Miritini ya pili. Bi mmoja auzaye mahamri, aliyekuwa akipita na bakuli lake, akasimama akasema stesheni iwe karibu na soko, abiria washuke na njaa. Kijana wa bodaboda akasema la, stesheni iwe mbali kabisa, ili abiria washuke na mizigo.

Tulicheka, lakini nilipokuwa nikiitazama ile michoro niliona jambo. Kila mtu aliitaka stesheni karibu na mlango wake, na reli mbali na ukuta wake.

Haya si mageni. Tulipojengewa reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, watu wa pwani walikuwa na swali hilo hilo katika vinywa vyao: mbona gari linaishia Miritini? Treni ya kale, ile ya reli ya upana wa mita moja iliyoanza kulazwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwisho wa mwaka 1901, ilikuwa ikimwingiza abiria kisiwani kabisa. Ukishuka stesheni waweza kwenda kwa miguu hadi Mwembe Tayari na kikapu chako kichwani. Safari zake za abiria za Nairobi na Mombasa zilikoma Aprili 2017, na mwezi uliofuata tukapewa treni ya kasi, safi, yenye viti vizuri, kwa nauli iliyoanzia shilingi 700, lakini imesimama nje ya mji kama mgeni aliyeogopa kubisha hodi.

Jawabu la wajuzi lilikuwa kwamba kisiwa kimejaa, na kwamba reli ile haikujengwa kwa ajili ya abiria kwanza bali kwa ajili ya makontena ya bandarini. Hilo la pili ni kweli, na lilitupatia taabu ya namna nyingine, maana shehena ilipolazimishwa kupanda treni, madereva wa malori na wenye maghala wa Mombasa waliingia barabarani kuandamana mwaka 2019, na amri ile haikuondolewa mpaka Septemba 2022. Hilo la kwanza mimi silikubali. Kisiwa kilikuwa kimejaa, ndiyo, lakini njia ya reli ya kale ilikuwepo, imelala pale pale. Na kweli katika miaka ya karibuni Shirika la Reli limerudi kuikarabati njia hiyo hiyo ya kale ili Miritini iungane na kisiwa. Kama ingetangulia kufikiriwa hivyo, kijana wetu angesali magharibi akiwa kwake.

Na nisipite bila kuwataja ndovu. Kule Tsavo reli mpya imejengwa juu ya tuta, na katika tuta hilo wamewekewa ndovu njia za kupita chini, waende wakanywe maji na kurudi bila kugongwa. Nawaonea fahari ndovu wa nchi yangu. Bali sijui kama mwanadamu wa Miritini aliulizwa atapita wapi kwa makini kama alivyoulizwa ndovu.

Vijana wa siku hizi hudhani kwamba habari ya reli ndani ya mji ni ya Wachina na ya juzi. La hasha. Marehemu babu yangu mzaa mama, aliyekulia Mji wa Kale, alikuwa akitusimulia habari za toroli za Mombasa. Mwaka 1890 ile Kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani ilianza kulaza reli nyembamba, upana wake futi mbili tu, na kuipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Afrika ya Kati haikuiona. Zililazwa maili 7 hivi, fedha zikaisha, kazi ikaachwa. Vyuma vile vikaletwa kisiwani vikalazwa katika njia za mji, kutoka upande wa Ngome hadi Kilindini, na juu yake vikapita vigari vyenye kiti na kipaa cha kuzuia jua, vikisukumwa na watu. Mabwana wakubwa walikuwa na toroli zao na wasukumaji wao waliovaa sare; asiye na yake alikodi. Babu alisema kwamba zilipokutana mbili katika njia moja, palikuwa na kesi: ya nani iinuliwe itolewe relini ili nyingine ipite? Aghalabu aliyeshuka alikuwa yule mdogo wa cheo. Motokaa zilipozidi katika miaka ya 1920 toroli zikafa, vyuma vikang'olewa.

Unguja nao walikuwa na yao, tena kabla yetu. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alilaza reli kutoka mjini hadi jumba lake la Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu kwanza, kisha akaagizia kichwa cha moshi kutoka Uingereza. Hiyo ilikuwa ya Sultani. Ya watu ilikuja mwaka 1905, ilipojengwa na kampuni ya Kimarekani kutoka mjini hadi Bububu, maili 7. Gari hilo lilipita katikati ya mitaa myembamba ya mji, pua na mlango wa mtu, na picha zake zipo mpaka leo: waona kichwa cha gari kinatoka katika uchochoro, na wenyeji wamebana ukutani kulipisha. Miaka ya 1920 haikwisha ila nalo limekwisha. Mpaka sasa ukiwauliza wazee wa Unguja watakuonyesha lilikopita. Kitu kilichoishi miaka isiyozidi 25 kimebaki katika vinywa vya watu miaka 100. Hiyo ndiyo reli, ikipita mahali huacha alama, hata ikiondoka.

Lakini mfano niupendao zaidi, nao niliusimulia barazani pale mjadala ulipoanza kuchemka, ni ule wa reli ya Hijazi. Sultani Abdulhamid wa Pili wa dola ya Uthmani aliiamuru mwaka 1900, itoke Damascus ifike Madina, ili hujaji aliyekuwa akisafiri na ngamia zaidi ya mwezi mmoja apate kufika kwa siku chache. Ni kilomita 1,300 na ushei za jangwa. Fedha zake zilichangwa na Waislamu wa kila upande, maskini kwa matajiri, na watu wa Bara Hindi walitoa kwa wingi. Gari la kwanza liliingia Madina mwaka 1908. Na husimuliwa kwamba reli ilipoukaribia mji wa Mtume, sala na salamu zimshukie, mafundi walitandika vitambaa vya manyoya kwenye vyuma ili magurudumu yasipige kelele mahali pale.

Wazee waliposikia hivyo wakanyamaza kidogo. Yule mvuvi akasema: "Hao walijua wanapita kwa nani."

Reli ile haikudumu. Vita Vikuu vya Kwanza viliipasua kwa baruti, na kipande cha kuingia Madina hakikufufuliwa tena, ingawa stesheni yake ingali imesimama na imefanywa nyumba ya makumbusho. Siku hizi mahujaji wetu wanaokwenda kutoka Mombasa na Malindi hupanda treni nyingine: ile ya Mina, Arafa na Muzdalifa iliyoanza katika hija ya mwaka 2010, na ile ya kasi ya Makka na Madina kwa njia ya Jeddah, kilomita 450, iliyofunguliwa 2018. Mtu anakwenda Makka anapanda treni mbili, anarudi Kilifi anapanda matatu inayovuja.

Hapo jirani yangu wa Kigiriama, ambaye alikuwa amekaa kimya tangu reli yake ya bara ikataliwe, akanigeukia. Sisi wawili hatuitani kwa majina. Yeye huniita Mwalimu, nami humwita Baba, kwa kuwa umri wake ni wa baba yangu. Akasema: "Mwalimu, hadithi ni nzuri. Sasa niambie hii yetu. Reli ikipita pale shambani, atalipwa nani? Wewe mwenye karatasi, au mimi mwenye minazi?"

Msomaji, hapo nilitamani ardhi inimeze.

Yafaa nieleze. Shamba lile, ekari chache tu, limekuja kwangu kwa urithi wa baba, naye kwa baba yake, na asili ya karatasi yake ni ile sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ya wakati ukanda huu wa maili 10 ulipokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar chini ya ulinzi wa Mwingereza. Ilitangazwa kwamba kila mwenye dai aje mbele ya msajili. Waliojua kusoma, waliokuwa na jamaa mjini, walikwenda na mashahidi wao wakaandikiwa. Mijikenda wengi hawakwenda. Wengine hawakuambiwa, wengine waliambiwa lakini hawakuona maana ya mtu kwenda kuomba karatasi ya mahali anapolala. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali, na iliyodaiwa ikawa ya mwenye karatasi. Wengine wakageuka maskwota katika makaburi ya babu zao. Nayasema haya na mimi nikiwa katika walionufaika, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nayachochea.

Lakini vile vile pwani yetu ina desturi ya kale ambayo haikuandikwa katika karatasi yo yote ya Mwingereza: miti ni kitu kingine na ardhi ni kitu kingine. Mtu aweza kuwa na mnazi katika kiwanja cha mwenziwe, akaugema, akaurithisha, akauuza, akauweka rehani, na mwenye kiwanja asiseme neno. Waswahili wanaijua desturi hiyo na Mijikenda wanaijua. Babu yangu alimkaribisha baba yake huyu mzee apande, naye akapanda. Mzee mwenyewe akapanda mingine, na minazi iliyopo leo hata mmoja haukupandwa na mkono wa kwetu. Muda wote huo hapakuwa na mzozo baina yetu, kwa sababu nazi zilitosha. Fidia ni kitu kingine. Fidia hulipwa mara moja, kwa jina moja.

Nikamjibu nilivyojua. Nikamwambia kwamba Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 40, inaitaka serikali ikichukua ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma imlipe fidia ya haki, kamili, bila kuchelewa. Na ndani ya kifungu hicho hicho imo ibara ya nne, ambayo watu wengi hawaisomi, isemayo kwamba yaweza kuwekwa njia ya kuwalipa pia wakaao katika ardhi kwa nia njema ingawa hawana hati.

"Yaweza," akasema mzee.

"Yaweza, Baba."

"Sikusikia lazima."

Kweli, lazima haikuwemo. Imamu wetu, ambaye muda wote alikuwa akivuta tasbihi yake, akaingilia kwa jambo lake. Alisema nyuma ya shamba lile, upande wa baharini, pana makaburi, na katika hayo yako ya watu wasiojulikana majina. Akakumbusha kwamba kaburi halifukuliwi ila kwa dharura ya kisheria, na kwamba madhehebu yetu ya Shafii ni makali katika mali ya wakfu, haiuzwi kwa sababu tu bei ni nzuri. "Reli si haramu," akasema, "lakini mpimaji akija, wa kwanza kuonyeshwa mpaka awe ni maiti, kwa kuwa yeye hawezi kuja mkutanoni."

Kijana wa treni alikuwa amekunja uso. Kwake yeye sisi tulikuwa tumeiua reli kabla haijaja. "Wazee, mwasema makaburi na minazi, nasi twafia njiani," akasema. Alikuwa na haki. Mimi ninakumbuka feri ya Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Ninakumbuka mgonjwa akingoja upande wa Mnarani na hospitali iko ng'ambo, anaiona taa yake. Daraja lilipokuja hapana aliyeililia feri, ila wachuuzi wa korosho waliokuwa wakiuza foleni. Nami sitaki kuwa katika wale watakaosimama mbele ya mtambo kwa ajili ya kumbukumbu.

Nikawapa mfano wa Lamu. Bandari mpya ilipoanza kujengwa pale, katika mradi ule ambao reli yake ya kwenda Isiolo na mbele bado haijalazwa, wavuvi walikwenda mahakamani. Hawakuwa na hati ya bahari. Nani ana hati ya bahari? Lakini mwaka 2018 Mahakama Kuu ya hapa Malindi ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa, pamoja na haki ya utamaduni wao, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kesi hiyo haikusema bandari isijengwe. Ilisema yule anayeishi kwa mahali naye ni mtu wa kuulizwa, hata kama hana karatasi. Bandari ilifunguliwa mwaka 2021.

Mvuvi wetu alifurahi mno kusikia habari za wenziwe, akataka nimhesabie kila mmoja alipata ngapi. Nikamwambia hesabu si fani yangu, fani yangu ni mashairi. "Basi tupe shairi," wakasema, nami nikawapa ubeti mmoja hapo hapo, nao ni huu:

Karibu gari karibu, njia hatutaifunga,
Ila tupate jawabu, kabla ya shoka kulenga,
Hapa wamelala babu, chini ya huu mchanga,
Alopanda kwa taabu, asiondoke na janga.

Waliupokea vizuri, na bodaboda akaunakili katika simu yake. Lakini jirani yangu hakuwa amesahau. Tulipoagana akanifuata hadi langoni, akasema kwa upole: "Shairi lako tamu, Mwalimu. Hujanijibu bado."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikifikiri juu ya watoto wangu, mmoja yuko Mombasa na wawili wako mbali zaidi, ambao hawajui hata mnazi gani ni wa nani. Mimi nikifa leo, na karatasi ikaingia mikononi mwao, na siku moja mpimaji akaja kweli, wataona jina la babu yao katika karatasi na wataona mzee na wajukuu zake chini ya minazi, na watamwita skwota. Hawatakuwa na ubaya. Hawatakuwa na habari tu.

Asubuhi baada ya alfajiri nilichukua daftari la shule la mjukuu wangu, nikaenda shambani. Mzee alikuwa keshaamka, anachoma makuti. Nikamwambia: "Baba, twende tukahesabu." Hakuniuliza tunahesabu nini. Tulianza upande wa barabara, yeye akiugusa kila mnazi kwa mkono na kusema nani aliupanda na mwaka wa mvua gani, nami nikiandika. Minazi 63, kumi kati yake imekwisha kuzeeka. Mikorosho 7. Miembe 2, na mmoja tulibishana, mimi nikasema ni wa babu yangu, yeye akasema babu yangu alikula tu maembe yake. Tukauandika wa wote wawili. Kisima kimoja, alichimba baba yake. Makaburi tuliyohesabu ni 11, na pengine yako zaidi chini ya vichaka.

Chini ya hesabu hiyo nikaandika kwamba miti hii ni mali yake na ya warithi wake, na kwamba lo lote likilipwa kwa ajili yake ni lao. Nikatia sahihi. Yeye akatia kidole. Imamu na yule mvuvi wakashuhudia. Daftari lenyewe tumeliweka msikitini, katika kabati la misahafu, mpaka tutakapokwenda kwa wakili Kilifi mjini kuliandika inavyopasa, naye kijana wa treni ameahidi kutupeleka, kwa matatu.